Nyufa za nyumba mkoani Katavi: ufa upi ni wa kuziba, upi wa kuchunguza na upi wa kuhama

Wananchi na watumishi wa Serikali waishio Mpanda na katika wilaya zote za Mkoa wa Katavi wanaombwa kuisoma taarifa hii kwa makini, kwani inahusu jambo linalomgusa kila mwenye kulala chini ya paa. Kila mwaka mvua zinapokatika na ardhi kuanza kukauka, nyufa huonekana katika kuta za nyumba, madarasa, zahanati na ofisi. Nyingine ni nyembamba mithili ya unywele. Nyingine huanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda hadi darini. Aghalabu mwenye nyumba husimama mbele ya ukuta wake akijiuliza maswali mawili: je, hili ni jambo la kawaida? Na je, watoto walale humu leo?

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili ni la kweli, lakini wako wanaolifahamu nusu. Huuona ufa asubuhi, jioni fundi ameupaka lipu na chokaa, na nyumba ikapendeza. Mwaka unaofuata ufa hurudi pale pale ukiwa mpana zaidi, na mwenye nyumba hana tena njia ya kujua ulianza lini wala umekua kwa kiasi gani. Aliyefanya hivyo ameuficha ushahidi, na sababu ameiacha chini ya nyumba ikiendelea na kazi yake. Kwa hivyo shabaha ya maelezo haya ni moja: kabla ya kuziba ufa, jua kwanza kama umelala au unatembea.

SABABU ZA NYUFA KATIKA MKOA HUU

Sababu ya kwanza, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni kukauka kwa lipu. Lipu iliyotiwa saruji nyingi kupita kiasi, au iliyoachwa juani bila ya kumwagiliwa maji kwa muda wa wiki moja, husinyaa na kufanya nyufa ndogo ndogo zenye sura ya utando wa buibui. Nyufa hizi hukaa juu juu tu. Ukibandua lipu, tofali lililo nyuma yake ni zima.

Sababu ya pili ni udongo. Sehemu za bondeni na pembezoni mwa mbuga zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunyonya maji na kuvimba wakati wa mvua, yaani baina ya Novemba na Aprili, kisha husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Kila mkulima ameziona nyufa hizo shambani, na nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo hupanda na kushuka pamoja nao. Pembe za nyumba hulowa na kukauka upesi kuliko ardhi iliyo chini ya sakafu, na kwa sababu hiyo pembe hutikisika kwanza. Miti mikubwa iliyo karibu na ukuta, hasa mikaratusi, huzidisha kukauka huko kwa kunyonya maji ya ardhini.

Sababu ya tatu ni maji yasiyoelekezwa. Nyumba nyingi za Mkoa huu, mjini na vijijini, zimejengwa kwa matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma, yakiunganishwa kwa udongo. Maji yanayodondoka kutoka kwenye bati huchimba ardhi chini ya ukuta, hurusha matope kwenye tofali za chini, na kidogo kidogo ukuta huliwa miguu. Shimo la choo au la taka lililochimbwa karibu mno na msingi huleta madhara ya namna hiyo hiyo, kwani udongo ulioushikilia msingi huanza kuporomokea shimoni.

Sababu ya nne ni kasoro za ujenzi wenyewe. Nyumba isiyo na lenta, yaani mkanda wa zege upitao juu ya milango na madirisha, hupasuka kwenye pembe za nafasi hizo. Chumba kilichoongezwa baadaye bila ya kufungwa vyema na ukuta wa zamani hujitenga nao. Aidha mchwa wakishakula mbao za paa, uzito wa paa huacha kugawanyika sawasawa na huanza kuusukuma ukuta kwenda nje.

Sababu ya tano ni matetemeko ya ardhi. Mkoa wa Katavi umo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki: upande mmoja liko Ziwa Tanganyika, na upande mwingine liko bonde la Rukwa linaloendelea hadi kwenye tambarare za Katavi. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, nalo ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko jingine lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la Ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba katika mji wa Kalemie huko Kongo na kutikisa maeneo mengi ya magharibi ya Tanzania. Nyumba iliyosimama baada ya mtikisiko inaweza kubaki na ufa usioonekana kwa haraka, na ufa huo ukangoja mvua nzito.

NAMNA YA KUUSOMA UFA

Ufa una habari zake, na anayejua kuuangalia huzisoma bila ya chombo cha gharama. Mambo matano yatazamwe.

(a) Upana. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Ufa usiopitisha kadi hiyo ni mwembamba. Ufa unaopitisha kalamu ya risasi una takriban milimita 7, na ufa unaoingiza kidole cha mtu mzima umekaribia au kupita milimita 15. Taasisi ya Utafiti wa Majengo ya Uingereza iliweka ngazi zinazotumiwa na wahandisi wengi duniani: ufa usiozidi milimita 1 huhesabiwa kuwa mdogo sana, hadi milimita 5 ni mdogo na hurekebishwa kwa urahisi, baina ya milimita 5 na 15 ni wa wastani na huhitaji fundi kufungua sehemu ya ukuta, baina ya 15 na 25 ni mkubwa, na uliozidi 25 ni wa hatari kwa uimara wa jengo. Ifahamike kuwa ngazi hizi ziliwekwa kwa kuta za matofali imara au mawe. Mwenye nyumba ya tofali za udongo asingoje kufika huko. Kwake ufa wa milimita 5 watosha kumwita mtaalamu.

(b) Umbo. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini huashiria kuwa ncha au pembe ya nyumba imeshuka. Ufa ulio mpana chini na mwembamba juu huashiria kuwa sehemu ya kati ya ukuta ndiyo iliyodidimia. Ufa wenye upana mmoja tangu juu hadi chini, baina ya ukuta wa zamani na chumba kilichoongezwa, aghalabu ni wa majengo mawili yasiyofungamana.

(c) Mwelekeo. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali, au unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha, huelekeza macho yetu kwenye msingi au kwenye upungufu wa lenta. Ufa wa mlalo ulio chini kidogo ya paa, pamoja na ukuta uliojitokeza tumbo, hueleza kuwa paa linasukuma. Huu wa mwisho usidharauliwe hata ukiwa mwembamba.

(d) Kina. Tazama upande wa pili wa ukuta. Ufa ukionekana ndani na nje mahali pamoja, si wa lipu tena. Ukuta wenyewe umekatika.

(e) Majirani wa ufa. Mlango uliokuwa ukifungwa vizuri na sasa unakwama, sakafu iliyoinama, dirisha lililopinda, au kioo kilichopasuka bila ya kupigwa, ni mashahidi wa ufa. Mashahidi wawili au watatu wakikutana na ufa mmoja, nyumba inasogea.

DAFTARI LA UFA

Baada ya kuusoma ufa, mwenye nyumba aanze kuupima. Kazi hii yahitaji kalamu ya risasi, rula yenye milimita na daftari la mwanafunzi. Kwanza, andika tarehe ukutani kwenye ncha mbili za ufa. Ufa ukivuka alama hiyo, umerefuka. Pili, weka nukta mbili, moja kila upande wa ufa, zikiwa mbali kwa sentimita 10 kamili. Pima umbali baina ya nukta hizo kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya siku, na uandike daftarini pamoja na hali ya hewa. Tatu, kwa mwenye kutaka uhakika zaidi, bandika kwa saruji kipande chembamba cha kioo juu ya ufa. Kioo hakinyooki. Ukuta ukisogea, kitakatika au kitabanduka.

Mwenye simu ya kupiga picha na apige, akiweka rula kando ya ufa ili upana uonekane, na picha zote zipigwe kutoka mahali pamoja.

Je, upimaji huu uendelee kwa muda gani? Katika Mkoa huu hapana budi ufike masika na kiangazi, kwa sababu nyumba iliyo juu ya udongo wa mfinyanzi hupumua kwa misimu. Ufa unaofunguka mwezi wa Septemba na kujifunga mwezi wa Februari bila ya kuongezeka mwaka hadi mwaka, hueleza kuwa udongo unavimba na kusinyaa. Ufa unaopanuka kila mara bila ya kurudi, hueleza kuwa msingi unashuka au ukuta unaanguka polepole. Na ufa usiobadilika hata milimita moja kwa mwaka mzima umelala. Huo ndio wa kuzibwa kwa moyo mkunjufu.

Lakini onyo litolewe hapa. Daftari ni la nyufa ndogo. Hakuna mtu anayetakiwa kukaa na kupima huku ukuta ukimwinamia.

UAMUZI: MAFUNGU MATATU

Fungu la kwanza ni nyufa za kuziba. Ni zile nyembamba, za lipu tu, au zilizothibitika kuwa zimelala. Fundi auchimbe ufa kidogo kwa umbo la V, aondoe vumbi, alowanishe, kisha azibe kwa mchanganyiko unaolingana na ukuta. Ukuta wa udongo usibebeshwe lipu ngumu ya saruji. Lipu hiyo hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache hubanduka ikiwa imeshikana na vipande vya ukuta wenyewe. Udongo uliochanganywa na chokaa unaufaa zaidi.

Fungu la pili ni nyufa za kuchunguza na kumwita mtaalamu. Ni zile zilizopita milimita 5, zile zinazoonekana ndani na nje, zile zenye mwelekeo wa mshazari au wa ngazi, na zote ambazo daftari limeonesha kuwa zinakua. Kabla ya kutumia fedha ukutani, sababu ishughulikiwe: mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi, baraza au zege dogo la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kwenda nje, bati lililotoka nje ya ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, shimo la karibu kujazwa na kushindiliwa, na miti kupandwa mbali kwa kadiri ya urefu itakaoufikia. Nyumba nyingi hutulia kwa mtaro peke yake, na mtaro gharama yake ni jembe na nguvu za siku mbili.

Fungu la tatu ni nyufa za kuhama. Watu watoke na wasilale humo iwapo itaonekana mojawapo ya dalili hizi:
1. ufa unaoingiza kidole uliotokea kwa ghafla, au uliopanuka ndani ya siku chache;
2. ukuta ulioinama au kujitokeza tumbo kwa namna inayoonekana kwa jicho, au ambao timazi ya fundi inaonesha kuwa unaongeza kuinama;
3. mbao za paa zinazochomoka kutoka kwenye ukuta uliozibeba;
4. sauti za kukatika, vumbi au vipande vinavyodondoka bila ya mtu kugusa, hasa usiku wa mvua;
5. milango miwili au zaidi kukwama kwa wakati mmoja.

Katika hali hiyo mali isirudiwe. Majirani waarifiwe, watoto wazuiwe kucheza karibu, na Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji apewe habari siku hiyo hiyo.

BAADA YA TETEMEKO

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Mkoa wa Kagera, watu wakapoteza maisha na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kwa nguvu zake lilikuwa dogo kuliko lile la Ziwa Tanganyika la mwaka 2005, lakini lilitokea karibu na makazi ya watu, na nyumba za matofali yaliyounganishwa kwa udongo zilidhurika vibaya. Nyumba zetu za Katavi nyingi ni za aina hiyo hiyo.

Kwa hivyo baada ya mtikisiko wowote, watu watoke nje na kukaa mbali na kuta, kwani mitikisiko midogo hufuata na huweza kuangusha kilichokwisha kulegea. Kabla ya kurudi ndani, mtu mzima mmoja aizunguke nyumba kwa nje akitazama pembe nne, sehemu ya juu ya milango, na ukuta wa pembetatu unaobeba ncha ya paa, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuanguka. Nyufa zilizokuwepo zamani zilinganishwe na daftari. Mwenye daftari atajua mara moja lililo jipya; asiye nalo atabaki kubishana na kumbukumbu yake.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mpangaji amwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, akieleza tarehe na upana wa ufa, na asipake rangi juu yake kwa kuona haya. Mwenye nyumba asiichukue taarifa hiyo kuwa ni hila ya kukwepa kodi. Mtumishi anayekaa katika nyumba ya Serikali apeleke taarifa kwa mwajiri wake au kwa Wakala wa Majengo, kulingana na mamlaka yenye nyumba hiyo, na abaki na nakala. Walimu wakuu na waganga wafawidhi ndio wenye dhamana nzito zaidi, kwa sababu darasa moja hubeba watoto wengi na wodi hubeba wasioweza kukimbia. Inafaa kila shule na kila zahanati iwe na daftari moja la nyufa, likaguliwe kabla ya mvua za Novemba na mara zinapokwisha. Kwa ushauri wa kitaalamu, ofisi ya mhandisi wa halmashauri ndiyo ya kuanzia, na mhandisi binafsi atakayeajiriwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Asije mtu akadhani kuwa mambo haya ni ya nyumba za udongo pekee. Mfano mkubwa unatoka nje ya Mkoa, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Beit-al-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote katika mji huo. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na mafundi wawili wakafariki dunia. Jengo lile lilikuwa na sifa na walinzi, na wataalamu walikuwa wamekwisha kulijua tatizo lake. Hata hivyo ukuta haukungoja. Ikiwa hayo yalilipata kasri, chumba chenye ufa wa mshazari pale Kashaulili, Karema au Inyonga hakina sababu ya kusamehewa.

Wananchi wote wanahimizwa kuzizunguka nyumba zao wiki hii wakiwa na kalamu ya risasi na rula. Atakayeona ufa na auandikie tarehe. Ukiwa umelala, gharama yake ni lipu kidogo; ukiwa unatembea, tarehe hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi au mhandisi kujua umetoka wapi na unaelekea wapi, kabla haujawafikia waliolala.